Chumba cha Vioo na Mimea Yake

Chumba cha vioo ni sehemu ya nyumba ambayo kuta zake mbili au tatu, na mara nyingi paa lake pia, ni kioo kitupu, ili jua liingie na upepo ubaki nje. Huonekana zaidi katika nchi zenye majira ya baridi: Uingereza, Uholanzi, Ujerumani, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani. Pwani ya Afrika Mashariki hakina kazi. Huko nyumba hujengwa kwa kulikimbia jua, na mtu akijenga chumba cha vioo Mombasa au Dar es Salaam atakuwa amejijengea tanuri. Ajabu ni kwamba mimea inayojaza vyumba hivyo huko kaskazini asili yake, kwa sehemu kubwa, ni nchi za joto, na mingine ni ya Tanga, Kilimanjaro na Unguja. Chumba kina mwanga wa nchi moja na wakazi wa nchi nyingine, na kukipamba ni kuwapatanisha hao wawili. Anayeanza na viti, mazulia na rangi za vyungu hupata chumba cha kupendeza mpaka baridi ya kwanza ifike. Anayeanza kwa kupima mwanga na baridi ya usiku huchagua mimea inayodumu, na viti hujipatia mahali pake baadaye.

Vyumba hivi vilianza kwa ajili ya michungwa. Matajiri wa Ulaya walitaka michungwa na milimau, lakini miti hiyo haistahimili barafu, basi ikapandwa katika masanduku ya mbao, ikatolewa bustanini majira ya joto na kurudishwa ndani majira ya baridi. Jengo la michungwa la Versailles, Ufaransa, lililosanifiwa na Jules Hardouin-Mansart na kujengwa kati ya 1684 na 1686, ndilo mashuhuri kuliko yote ya aina hiyo. Kew, nje kidogo ya London, William Chambers alijenga jingine mwaka 1761. Lilikuwa zuri kwa macho, lakini paa lake lilikuwa zito na ndani hapakuwa na mwanga wa kutosha, kwa hiyo michungwa haikustawi. Kosa hilo bado hurudiwa na wajenzi wa leo wanaoweka madirisha makubwa upande mmoja, paa la vigae juu, kisha wakaliita jengo hilo chumba cha mimea. Kilichowapa watu wa kipato cha kati vyumba vya vioo ni kufutwa kwa kodi ya kioo Uingereza mwaka 1845. Kodi hiyo ilitozwa kwa uzito, na ilikuwa imekifanya kioo kuwa anasa. Miaka mitatu baadaye jumba kubwa la mitende la Kew lilikamilika kwa chuma na kioo, na haukupita muda kabla ya nyumba za kawaida za mijini kuanza kuiga kwa kadiri ya uwezo wao.

Mwanga ndio unaostahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu jicho la binadamu ni shahidi mbaya. Nje, mchana wa jua kali, mwanga hufika karibu laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga). Katikati ya sebule yenye taa zinazotosha kusomea, huwa laksi mia chache tu. Jicho hujirekebisha na kuona tofauti ndogo, ilhali mmea, unaotengeneza chakula chake kwa mwanga huo, huona njaa. Hata ndani ya chumba cha vioo, chungu kilicho karibu na kioo hupata mwanga mwingi mara kadhaa kuliko kilichosogezwa hatua tatu nyuma, hasa kama paa si la kioo.

Jambo la pili ni njia ya jua. Dar es Salaam jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 59 kutoka upeo wa macho mwezi wowote wa mwaka. London hufika kama nyuzi 62 mwezi Juni na kuanguka hadi nyuzi 15 mwezi Desemba, na mchana wenyewe huwa haufiki saa nane. Jua la Desemba huingia kwa mlalo kupitia ukuta wa kioo na kufika mpaka mwisho wa chumba, lakini ni dhaifu na la muda mfupi. Jua la Juni hupiga paa. Ndiyo maana chumba chenye paa la kioo huwa moto kupita kiasi majira ya joto na baridi kupita kiasi majira ya baridi, wakati chenye paa la kawaida na kuta za kioo hupoteza mwanga kidogo lakini hukalika mwaka mzima. Kwa mtu anayetaka kukaa humo na kunywa chai yake, si kukuza mimea peke yake, paa la pili ndilo bora. Mwenye shauku ya michungwa na waridi la jangwani atachagua la kwanza na kuvumilia.

Huko kaskazini ukuta unaotazama kusini ndio wenye jua la siku nzima. Unaotazama mashariki hupata jua la asubuhi, ambalo ni pole na linafaa mimea mingi ya misituni. Wa magharibi hupata jua la alasiri, na ingawa kwa hesabu ni saa zilezile, hukuta chumba kimekwishapata joto, hivyo majani hubabuka upesi. Wa kaskazini hauoni jua kabisa miezi ya baridi, na hapo hubaki mimea ya kivulini tu. Aliyepanga nyumba na hakuchagua upande anaweza kujua alichonacho kwa njia rahisi: karatasi nyeupe iwekwe mezani adhuhuri na mkono uinuliwe juu yake. Kivuli chenye kingo zilizokatika waziwazi ni dalili ya jua kali, kivuli chenye ukungu ni mwanga wa wastani, na kama kivuli hakionekani, mmea wa maua usiwekwe hapo.

Joto nalo lina tabia zake. Mionzi ya jua hupita kwenye kioo, hupasha sakafu na viti, na joto linalotoka humo halitoki kwa urahisi. Chumba kilichofungwa mchana wa Julai kinaweza kupita nyuzi 40 za Selsiasi hata kama nje ni 25. Mapazia ya ndani husaidia macho kuliko joto, kwa kuwa yanapolizuia jua, joto limeshaingia. Pazia au chandarua cha kivuli kilichofungwa nje ya kioo hufanya kazi zaidi. Dirisha dogo la kufunguka karibu na paa, pamoja na jingine la chini, huifanya hewa ya moto ipande na kutoka yenyewe. Usiku wa Januari mambo hugeuka: kioo kimoja, hata viwili vyenye nafasi ya hewa katikati, hupoteza joto kuliko ukuta wa matofali, na jani linalogusa kioo hicho huweza kuungua kwa baridi wakati kipimajoto cha katikati ya chumba kinasoma nyuzi 14. Kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini cha usiku ni chombo cha bei ndogo, na hakuna pambo la chumba hiki lenye manufaa kukishinda. Usomaji wake wa wiki moja ya baridi ndio unaoamua orodha ya mimea.

Usiku ukishuka hadi nyuzi 5, chumba hicho ni cha michungwa midogo, mikaratusi ya chunguni na mitende ya nchi za Mediterania, ambayo hupenda kupumzika penye ubaridi. Ukibaki juu ya nyuzi 12, milango hufunguka kwa mimea mingi ya tropiki. Ukibaki juu ya nyuzi 16, karibu kila kinachouzwa madukani kitaishi, isipokuwa bili ya umeme itakuwa na neno lake.

Katika kundi hilo la tropiki, Afrika Mashariki imetoa mimea kadhaa, na asili ya kila mmoja ndiyo maelekezo yake ya matumizi. Wa kwanza kwa umaarufu ni ua la Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, aliliona katika milima ya Usambara na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, aliyekuwa akisimamia bustani za Herrenhausen mjini Hanover, akalielezea kisayansi na kulipa jina la familia yao, Saintpaulia. Leo wanasayansi wanaliweka katika jenasi ya Streptocarpus. Msituni, Amani na kwingineko, humea kwenye nyufa za miamba chini ya miti mirefu, mizizi yake ikishika kiganja kimoja cha majani yaliyooza. Kwa hiyo halitaki chungu kikubwa, halitaki jua la adhuhuri, na halipendi maji yanayotuama. Mahali pake ni dirisha la mashariki, au nyuma ya mmea mkubwa unaolichujia mwanga, penye nyuzi 18 hadi 24. Maji baridi yakidondokea majani yake yenye manyoya huacha madoa meupe yasiyofutika, basi sahani ya chini ya chungu hujazwa maji ya uvuguvugu, huachwa nusu saa, kisha yanayobaki humwagwa.

Kulizalisha ni kazi ya subira inayowafurahisha hata watoto. Jani lililokomaa, si la nje kabisa wala la katikati, hukatwa pamoja na kikonyo cha urefu wa sentimita tatu. Kikonyo hukatwa mshazari kwa wembe safi na kuchomekwa katika mchanganyiko wa mchanga na makapi ya nazi, jani likilala kidogo upande. Mfuko wa plastiki angavu hufunikwa juu ili unyevu usitoke. Wiki baada ya wiki hakuna kinachoonekana. Kisha, baada ya miezi miwili hivi, vijani vidogo kama masikio ya panya hutokeza udongoni kando ya kikonyo, vitatu au vinne kwa pamoja, na kila kimoja ni mmea kamili unaosubiri kutengwa.

Zamioculcas ni kinyume chake kabisa. Ni mmea wa pwani na nchi kavu kuanzia Kenya na Zanzibar hadi Afrika Kusini, na chini ya udongo una viazi vinene vinavyohifadhi maji ya kiangazi. Wataalamu wa Ulaya waliujua tangu 1829, lakini wakulima wa Uholanzi walianza kuuzalisha kibiashara mwaka 1996, na tangu hapo umeenea maofisini na majumbani dunia nzima. Hustahimili mwanga hafifu, ukavu wa hewa na kusahauliwa. Kinachouua ni huruma: maji kila wiki katika chungu kisicho na tundu. Miezi ya baridi kumwagilia mara moja kwa mwezi kunatosha. Katika chumba cha vioo usiwekwe mbele, kwani unapoteza nafasi ya jua ambayo wengine wanaihitaji. Pembe ya nyuma, karibu na mlango wa sebule, ndiyo yake.

Mmea ambao Wachagga huuita isale, na kuupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, huuzwa Ulaya na Marekani kama pambo la ndani, shina nene lililokatwa na mashada ya majani juu. Kihambani umezoea kivuli cha migomba, kwa hiyo unafaa pembe isiyo na jua la moja kwa moja. Ncha za majani zikikauka na kuwa kahawia, chanzo huwa hewa kavu au floridi iliyo katika maji ya bomba, na maji ya mvua huondoa tatizo hilo la pili. Unguja nayo ilitoa ua dogo la kivulini ambalo John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alilipeleka bustani za Kew, na likatangazwa mwaka 1882 kwa jina la heshima kwa Sultani wa Zanzibar, Impatiens sultani, kabla ya kuhamishiwa jina la zamani zaidi, Impatiens walleriana. Hilo hunywa maji bila kiasi. Likinyimwa hulegea lote, likipewa husimama ndani ya saa chache, na kwa uangalizi huo hutoa maua karibu mwaka mzima.

Waridi la jangwani, lenye shina lililovimba na maua ya waridi, hutoka nchi kavu za Kenya, Tanzania, Oman na jirani zake. Ndilo la kuwekwa mbele kabisa, ukuta wa kusini. Majira ya baridi hupukutisha majani, na mwenye nalo asidhani limekufa akaanza kulimwagilia, maana shina litaoza. Utomvu wake ni sumu iliyowahi kutumika kwenye mishale, hivyo glavu zivaliwe wakati wa kulikata. Asumini ya pwani pia hukubali dirisha la kusini endapo usiku haushuki chini ya nyuzi 10, na jioni za majira ya joto chumba kizima hunukia.

Mpangilio wa vyungu hufuata yaliyotangulia. Inayopenda jua husimama karibu na kioo, ila isigusane nacho. Ya kivulini hukaa nyuma na chini yake. Mimea mirefu iwekwe pembeni ambako paa linakutana na ukuta, kwa kuwa ikisimama katikati hukata mwanga na mazungumzo pia. Vikapu vya kuning'inia hutumia nafasi ya juu, lakini juu ndiko hewa ya moto ilikojaa na udongo hukauka haraka, kwa hiyo hufaa mimea inayovumilia kiu. Vyungu vingi vidogo vilivyotawanywa kila mahali hufanya chumba kionekane kama duka. Vichache vikubwa, na vidogo vikikusanywa juu ya meza moja au sinia moja, hutuliza macho na kurahisisha kazi ya maji. Vyungu vya udongo visivyopakwa rangi hupumua na kukausha mizizi, hivyo vinafaa waridi la jangwani na mshubiri. Vya kung'arishwa au vya plastiki hushika unyevu, vinafaa isale na ua la Usambara. Kila chungu kiwe na tundu na sahani.

Samani za chumba hiki hupigwa na jua kuliko za chumba chochote. Mbao nene zilizopakwa vanishi hupasuka, vitabu hugeuka rangi, vitambaa vyekundu na vya buluu huchujuka ndani ya misimu michache. Viti vya henzirani au vya chuma, mito yenye foronya za kufuliwa za rangi ya mchanga au nyeupe, mkeka wa ukindu au zulia la makumbi ya nazi, vyote hivyo huzeeka vizuri. Sakafu ya vigae au saruji ndiyo inayofaa zaidi: maji yakimwagika hufutwa, na joto la mchana huhifadhiwa humo na kuachiwa taratibu usiku. Ukuta wa nyuma ulio wa matofali upakwe chokaa au rangi nyeupe, maana hurudisha mwanga kwa mimea kutoka upande wa pili na kuizuia isiinamie kioo. Hata hivyo vyungu vigeuzwe robo duara kila wiki.

Matumizi ya chumba hubadilika na miezi. Majira ya baridi ni mahali pa chai ya asubuhi na kusoma saa za adhuhuri, jua linapofika. Majira ya joto hukalika alfajiri na jioni. Familia nyingi za Waafrika Mashariki walioko Uingereza na Marekani zimekipa kazi nyingine, ambayo vitabu vya mapambo havitaji: kitalu. Mbegu za mchicha na nyanya husiwa humo mwezi Aprili, zikahamishiwa nje barafu ikiisha, ambayo katika majimbo kama Minnesota ni katikati ya Mei au baadaye. Mchaichai, ambao barafu ingeuua, hung'olewa shada moja mwezi Septemba, hupunguzwa majani na kuwekwa chunguni ndani mpaka majira ya kuchipua. Mpilipili hali kadhalika: ukikatwa matawi na kuingizwa ndani, huanza kuzaa mapema mwaka unaofuata kuliko mche mpya. Chumba cha namna hii hakifanani na picha za magazeti, na ni afadhali.

Dai moja linalorudiwa madukani halina budi kuwekwa sawa, nalo ni kwamba mimea husafisha hewa ya nyumba. Chanzo chake ni majaribio ya NASA ya mwaka 1989, yaliyofanywa katika visanduku vidogo vilivyofungwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikadiria kwamba nyumbani ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi inayofanywa na hewa ya kawaida inayopita. Mimea ipandwe kwa uzuri wake. Hewa isafishwe na dirisha.

Unyevu wa hewa, kwa upande mwingine, ni suala la kweli. Hita ikiwashwa, unyevu wa ndani huweza kushuka hadi asilimia 20 au 30, wakati mimea ya misituni hupenda 50 na zaidi. Kunyunyizia majani maji husaidia kwa dakika chache tu. Kukusanya mimea pamoja husaidia zaidi, na mashine ya kutoa mvuke husaidia kuliko vyote. Isizidishwe lakini, kwa kuwa mvuke ukigusa kioo baridi hugeuka maji, hutiririka, na ukungu mweusi huota kwenye fremu.

Hewa kavu na ya joto huleta utitiri. Dalili yake ni vidoa vya njano juu ya jani na utando mwembamba chini yake. Kuogesha mmea bafuni kwa maji ya kasi, majani yakisuguliwa upande wa chini, mara moja kila siku chache, hutosha mara nyingi. Vidung'ata, wanaofanana na vipande vya pamba kwenye maungio ya majani, huguswa kwa pamba iliyochovywa spiriti. Viinzi vidogo vinavyoruka juu ya udongo ni ushahidi kwamba udongo hauachwi kukauka. Penye watoto wadogo au paka, orodha ya mimea ipitiwe upya: zamioculcas na jamaa zake huchoma mdomo, waridi la jangwani ni hatari zaidi, na lilia za kweli huua figo za paka hata kwa chavua kidogo. Ua la Usambara halina madhara.

Mwezi Juni, usiku ukizidi nyuzi 12, vyungu vingi vinaweza kutolewa nje. Vianze na wiki mbili za kivuli, kwani jani lililokulia nyuma ya kioo huungua likipelekwa juani ghafla. Virudishwe ndani kabla usiku haujashuka tena hadi nyuzi 10, ambapo katika sehemu nyingi za kaskazini ni Septemba. Kabla ya kupita mlangoni kila chungu huinuliwa, tundu lake hukaguliwa kama lina konokono na sisimizi, majani husafishwa, na mmea wenye mashaka hutengwa peke yake kwa wiki mbili au tatu.